TUSISEME TENA "LABO HAIKO": MKAZO NDANI YA KIOEVU UNAONEKANA KWA MACHO



Kuna neno moja linazunguka katika shule yetu, na sisi wa Matematika-Fizike njo tunalisema kupita wengine: "Labo haiko." Mwanafunzi akishindwa kueleza somo, labo haiko. Mwingine anataka kuacha seksio yetu na kwenda Pedagojia, anasema: "Bwana, fizike ni maneno matupu, hatuoni kintu, labo haiko." Na kweli, labo haiko. Kabati moja na mizani iliyopoteza mawe yake haiwezi kuitwa labo. Lakini mimi nakataa kwamba kwa sababu hiyo hatuwezi kuona kitu. Nitachukua mfano mmoja, tena si mfano rahisi. Ni jambo ambalo hata katika universite wanalifundisha kwa wakubwa: kupima mkazo ndani ya kioevu kinachotembea, kwa kutumia mwanga. Kama jambo hilo linaweza kuanzwa hapa Katogota kwa vitu vya takataka, basi tutazungumza namna nyingine juu ya labo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika daftari zetu imeandikwa: mkazo ni nguvu ikigawanywa na eneo, kipimo chake ni pascal. Wote tunaijua kwa kichwa. Lakini umuulize mwenzako: mkazo ule uko wapi ndani ya Ruzizi? Atakuangalia tu. Kumbe uko pale kila dakika. Katikati ya mto maji yanakimbia, kando ya ukingo yanaenda polepole, na pale yanapogusa udongo yanasimama kabisa. Kwa hiyo maji ni kama makaratasi mengi yaliyopangwa moja juu ya lingine: kila karatasi inateleza juu ya jirani yake na kuivuta, na jirani inairudisha nyuma. Kule kuvutana njo mkazo. Maji yakisimama, kuvutana kunakwisha. Mkazo wa namna hii unaishi katika mwendo tu.

Tupige hesabu ndogo. Pakaa asali kati ya vioo viwili, unene wa milimeta 1, kisha teleza kioo cha juu kwa mwendo wa sentimeta 1 kwa sekunde. Unato wa asali ni karibu 10 pascal-sekunde (inategemea joto na asali yenyewe). Mkazo utakuwa karibu pascal 100, sawa na uzito wa kilo 10 uliotandazwa juu ya meta moja ya mraba. Fanya vilevile na maji, ambayo unato wake ni karibu 0.001: utapata 0.01 ya pascal tu. Mara elfu kumi chini. Mama anayesonga bugali anajua tofauti hiyo katika mabega yake, bila daftari. Lakini mabega yanasema jumla tu. Hayasemi mkazo ni mkubwa mahali gani ndani ya sufuria, wala unavuta upande gani. Ukiingiza chombo cha kupimia ndani ya kioevu, chombo chenyewe kinaharibu mwendo uliotaka kupima. Hapo njo mwanga unaingia, kwa sababu mwanga unapita bila kusukuma kitu.

Sasa tusikilizane vizuri juu ya mwanga. Mwanga ni mawimbi yanayotikisika kwa upande, sawa vile kamba iliyofungwa kwenye mti unapoitikisa. Mwanga wa jua unatikisika pande zote kwa pamoja. Kuna utando fulani unaopitisha mtikiso wa upande mmoja tu. Mimi nitauita chujio. Weka chujio la kwanza, mwanga unatoka umepangwa upande mmoja. Weka la pili mbele yake na ulizungushe mpaka upande wake ukate ule wa kwanza kama msalaba: giza. Hakuna kinachopita.

Weka kitu chenye mkazo katikati ya machujio hayo mawili, na mwanga unarudi! Kwa sababu gani? Kitu kinachovutwa upande mmoja hakiko tena sawa pande zote. Mwanga ukiingia ndani yake unagawanyika kuwa miwili, mmoja unatikisika pamoja na mvuto, mwingine unaukata, na miwili hii haina mbio sawa. Mmoja unachelewa. Wakitoka wanaungana tena, lakini hawako tena vile walivyoingia, na kwa hiyo chujio la pili haliwezi kuwafunga wote. Kugawanyika huku wataalamu wanakuita birefrenjansi. Mkazo ukizidi, mmoja unachelewa zaidi. Na kwa kuwa kila rangi ina urefu wake wa wimbi, unaanza kuona kijivu, nyeupe, manjano, nyekundu, kisha buluu na kijani. Rangi zinakuwa ngazi ya kupimia.

Kwa vitu vigumu jambo hili lilijulikana mapema: David Brewster, Muskoti, alilionyesha katika kioo kilichobanwa, karibu mwaka 1815. Kwa vioevu ilikuwa kazi nyingine. Na hapa napenda kusimulia juu ya James Clerk Maxwell, kwa sababu jina lake tunaliandika kila mwaka katika somo la umeme, lakini hadithi hii hatuambiwi.

Mwaka 1866 Maxwell alitengeneza chombo: kopo la mviringo lenye kioo chini, na ndani yake silinda inayozungushwa. Kati ya silinda na kopo alimwaga kioevu, akapitisha mwanga uliochujwa kutoka chini kwenda juu. Alijaribu maji ya gundi. Hakuona kitu. Alijaribu maji mazito ya sukari. Hakuona kitu. Chombo kizuri, kazi ya fundi, na hakuna jibu. Miaka ilipita, na katika andiko lililotoka mwaka 1873 alieleza njia ambayo mtoto wa shule anaweza kuifanya. Chukua chupa ya pembe nne yenye mdomo mpana. Tia ndani yake utomvu wa mti (yeye alitumia ule unaoitwa balsamu ya Canada) ulio mwepisi kiasi cha kujisawazisha upesi ukitikiswa. Pitisha mwanga uliochujwa, angalia kwa chujio la pili, lizungushe mpaka giza. Sasa ingiza kisu kipana na ukisogeze juu na chini. Pande zote mbili za kisu mwanga unatokea. Simamisha mkono, mwanga unakufa hapo hapo.

Ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Chupa, kisu na utomvu. Mtu yule aliyeandika hesabu ngumu za umeme alipata kwa kisu kile alichokosa kwa mashine ya fundi. Kitu kimoja tu alichokuwa nacho na sisi tunawaza kwamba hatuna: machujio. Kwake yeye lilikuwa kristali lililochongwa na kubandikwa kwa ufundi mkubwa. Kwetu sisi yako katika takataka. Kila kalkulatrisi yenye tarakimu nyeusi ina machujio mawili, moja juu ya kioo na moja chini. Ndiyo maana tarakimu zinaonekana nyeusi: ni mwanga uliofungwa kati ya machujio. Televizio bapa nyingi na telefoni nyingi zina utando huohuo. Kalkulatrisi ngapi zimekufa katika shule yetu tangu mwaka jana? Zimetupwa nyuma ya choo, na sisi tunalia labo.

Hata chujio la kwanza si lazima. Mwanga unaoruka juu ya maji yaliyotulia unachujika wenyewe. Kwa maji, unachujika kabisa ukitoka kwa pembe ya digrii karibu 37 juu ya uso wa maji. Brewster huyohuyo alipata sheria yake. Shamba la mpunga lililojaa maji asubuhi, pale bondeni, ni chujio kubwa kupita lolote linalouzwa. (Tahadhari: usiangalie jua lenyewe kwa utando ule. Hautalinda macho yako.)

Najua kuna mwalimu atakayesema: mbona sukari inageuza mwanga, na viwanda vinaitumia? Ni kweli, na ni vizuri tusichanganye. Wazee waliofanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, kabla hakijasimama katika miaka ya 1990 wakati wa vita, walikuwa jirani na jambo hili, kwa sababu katika kazi ya sukari maji ya miwa yanapimwa kwa polarimetre: mwanga uliochujwa unapita ndani ya bomba lenye maji ya sukari, na upande wake wa mtikiso unazunguka, kadiri sukari inavyozidi, njo unavyozunguka zaidi. Lakini sukari inafanya hivyo hata imetulia kama maji ya mtungi. Utomvu wa Maxwell unafanya kazi yake wakati wa mwendo tu. Ya kwanza inapima kiasi gani cha sukari kimo, ya pili inapima namna kioevu kinavyovutwa. Mtu aliyewahi kushika polarimetre kule Kiliba angefahamu somo letu kwa nusu saa, tena tungefanya vema kumtafuta mmoja aje kutusimulia.

Kisha Maxwell, watu walifahamu kwamba jibu linategemea umbo la vipande vidogo vilivyomo ndani ya kioevu. Kama vipande ni mviringo, kuvigeuza si kitu, haibadiliki. Kama ni virefu kama fimbo, mwendo unavipanga, sawa vile magogo katika mto. Mwendo ukiwa mdogo vinaelekea kulala pembe ya digrii 45 na mkondo. Ukiongezeka vinalala karibu sawa na mkondo. Kwa hiyo rangi inasema mkazo ni kiasi gani, na pembe inasema vipande vimelala namna gani.

Hapo fizike iliingia katika shamba. Katika miaka ya 1932 na 1933, kule California, watafiti Takahashi na Rawlins walichukua maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mozaiki, wakayatembeza kati ya machujio. Mwanga ulitokea. Maji ya majani mazima hayakufanya hivyo. Wakasema: ndani ya maji haya ya ugonjwa mna vitu virefu kama fimbo. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuona kirusi kile kwa macho. Mwaka 1939 mikroskopi ya elektroni ilipiga picha ya kirusi kile, na kweli ni fimbo, urefu wake nanometa 300 na upana 18. Sisi watu wa mihogo tunaijua mozaiki kwa jina na kwa njaa. (Kirusi cha mozaiki ya mihogo si fimbo, ni kama mipira miwili iliyoshikana, kwa hiyo njia hii isingemkamata namna ile. Lakini ile ya michirizi ya kahawia ni uzi mrefu.) Nasimulia haya kwa ajili ya wale wanaosema fizike haina kazi na chakula.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo kila mmoja anaweza kulifanya wiki hii: rula, ile tunayoita lati. Chukua rula ngumu ya plastiki nyeupe kama kioo, ile inayovunjika kwa mlio; mara nyingi ni polistireni. Iweke kati ya machujio mawili yaliyokatana. Utaona rangi nyingi, mistari kama upinde wa mvua, na mahali fulani kwenye ncha mistari inasongamana. Rula haijabanwa na mtu. Mkazo umetoka wapi?

Umetoka siku ilipozaliwa. Plastiki iliyoyeyuka ilisukumwa kwa nguvu ndani ya chombo cha umbo kupitia tundu dogo, ikatembea kama asali nzito, na molekuli zake ndefu zikavutwa na kupangwa na mwendo ule. Lakini chombo ni baridi. Plastiki ikaganda kabla molekuli hazijarudi kujikunja. Rula ni mto ulioganda. Pale mistari inaposongamana njo mdomo wa mto, tundu lile ambalo plastiki iliingilia. Chini ya ndoo na basani zetu kuna alama kama kitovu: ni mlango uleule. Na mkazo uliobaki ndani ni sababu moja inayofanya chombo cha plastiki kipasuke bila kupigwa.

Tena tunaweza kupima, si kutazama tu. Tafuta mahali ambapo rangi imefika ile ya zambarau kati ya nyekundu na buluu, kwa mara ya kwanza. Pale mwanga mmoja umechelewa karibu nanometa 550. Pima unene wa rula. Tuseme milimeta 2. Gawanya: 550 kwa milioni mbili za nanometa, unapata 0.000275. Hiyo njo birefrenjansi. Sheria ya wataalamu wa karne ya 20 inasema kwamba katika plastiki iliyoyeyuka birefrenjansi ni mkazo ukizidishwa na namba ya kioevu kile. Kwa polistireni namba ni karibu 5 kwa bilioni kwa kila pascal (ina alama ya kutoa, lakini kwa rangi zetu haibadilishi kitu). Gawanya tena: karibu pascal 55,000. Zaidi ya nusu ya kandamizo la hewa yote iliyo juu yetu! Mkazo huo ulikuwa ndani ya kioevu kilichotembea katika kiwanda cha mbali, siku ambayo hakuna anayeikumbuka, na mwanafunzi wa Katogota ameupima kwa lati yake na kalkulatrisi iliyokufa. Hesabu hii ni ya karibu-karibu, nakubali. Lakini ni pascal za kweli, si za ubao.

Najua mabishano yatakayokuja. La kwanza: "Haiko kwa egzame." Ni kweli mtihani wa Serikali hautauliza rangi za rula. Lakini utauliza mkazo, mawimbi, urefu wa wimbi, fahirisi ya kupinda mwanga, na mambo haya manne yamo yote katika rula moja. Yule aliyeyaona pamoja hatayasahau kwa woga.

La pili linatoka kwa wakubwa wetu: kioo cha telefoni kinatoa mwanga uliochujwa tayari, lakini telefoni zimekatazwa shuleni. Mimi naunga mkono katazo hilo, tena wenzangu watanichukia. Telefoni darasani ni kelele. Lakini telefoni moja ya mwalimu, juu ya meza, skrini nyeupe, saa moja, si kelele; ni taa. Namuomba Bwana Prefe na Direkta wa nidhamu watofautishe mambo hayo mawili. Wakikataa, maji ya mpunga yapo.

La tatu ni zito kuliko yote, na lilisemwa na mwenzangu mmoja anayetoka Uvira: "Fizike hiyo ingetusaidia nini usiku ule Mulongwe ilipovunja?" Anasema juu ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati mafuriko yalipoua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Sitamdanganya. Njia hii inataka kioevu kinachopitisha mwanga, na maji ya matope na mawe hayapitishi. Huwezi kupima Mulongwe kwa machujio. Watafiti wa leo, Japani na kwingineko, wanatia chembe ndefu ndogo sana za selulosi, kitu kile kilicho katika miti na mabaki ya miwa, ndani ya maji safi, na kwa kamera yenye machujio wanaangalia mkazo unavyotembea katika mabomba madogo, hata katika mifano ya mishipa ya damu. Mto wa matope bado unahitaji njia nyingine. Lakini mtu atakayejenga ukuta wa Mulongwe vizuri ni mtu anayejua kwamba maji yanavuta udongo hata pale uso wake unapoonekana kimya. Mtu huyo hatatoka katika darasa linaloandika diktee tu.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Jumamosi kisha salongo, saa moja, darasa la tano na la sita pamoja, na mwalimu wa fizike akikubali. Kwanza rula. Kisha chupa ya Maxwell: tutajaribu na utomvu wa mpafu uliopashwa moto kidogo uchujwe uwe safi, na kisu cha mezani. Gundi na sukari tutajaribu pia, ili tuone kwa macho yetu yale yaliyomshinda Maxwell mwaka 1866. Kila kundi liandike namba zake, hata zikiwa mbaya.

Kalkulatrisi zilizokufa, rula zilizovunjika na vioo vya telefoni vilivyopasuka viletwe kwa shefu wa darasa la tano kabla ya Ijumaa. Utando unabanduliwa taratibu kwa wembe kutoka pembeni. Kioo kisivunjwe, na majimaji yaliyo ndani yasiguswe wala kuonjwa. Betri ziondolewe mbele ya kuleta. Chupa ya pembe nne tunaitafuta bado.

Mwanafunzi wa darasa la 5, Matematika-Fizike